Wachoraji wa Mwanza, vijiji vyetu mnamwachia nani?

Mhariri, salaam. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi hapa Mwanza, leo naomba nafasi niongee na wachoraji wetu.

Juzi mtoto wa dada yangu kanionyesha kwenye simu picha aliyochora Vincent van Gogh, yule Mholanzi, mwaka 1890 kwenye kijiji cha Auvers-sur-Oise kule Ufaransa, sasa hivi iko makumbusho ya Orsay, Paris. Ni nyumba za wakulima tu zimeezekwa nyasi, lakini paa linajikunja kama wimbi la ziwa, miti inapinda kama moshi wa jikoni, rangi nene mpaka unaona brashi ilipopita. Nilinyamaza kabisa maana niliona kwa bibi yangu Ukerewe.

Alafu kumbe alipofika pale mwezi wa tano alimwandikia mdogo wake Theo kwamba kijiji ni kizuri, kina mapaa mengi ya zamani ya nyasi ambayo yameanza kuadimika. Yaani aliona yanaondoka akawahi. Tarehe 29 Julai mwaka huohuo akafariki, miaka 37 tu, na kwa siku kama 70 alizokaa pale kaacha picha zaidi ya 70!

Sasa njoo kwetu, hoteli na maduka mengi niliyoingia ukutani ni Mlima Kilimanjaro, Mmasai na mkuki, tembo. Siwalaumu, watalii wananunua na watoto wanakula. Lakini Kayenze saa nne asubuhi jua limewaka, dagaa wameanikwa wanameta mpaka unakunja macho, mawe makubwa yamepandana nyuma ya nyumba, ua wa minyaa, hiyo nani kaichora? Na vifaa sio kisingizio, yule mchoraji Tingatinga alianza Dar mwaka 1968 na rangi za kawaida za dukani.

Bati sio baya jamani, mama nimemuezekea mwenyewe na halivuji, ila msonge wa bibi tuliubomoa bila hata picha ya simu na hilo linaniuma mpaka leo, nikimsimulia mwanangu haoni chochote kichwani. Pale makumbusho ya Bujora wametunza nyumba ya Kisukuma, vizuri sana, ila humo hakuna mtu anayepika.

Mhariri, tupe hata nusu ukurasa wa Jumamosi kwa picha za vijiji vya huku. Na kijana mwenye brashi anayesoma hii, kijijini kwetu Ukerewe misonge miwili bado imesimama, njoo kabla ya masika, kula na kulala juu yangu.

Msomaji wako,
Nyakato, Mwanza