Kibati cha kasa si pambo

Mhariri,

Wiki iliyopita nilimkuta kasa hai sokoni, amelazwa chali, na kwenye pezi lake la mbele kuna kibati chenye namba. Muuzaji alidhani ni pambo. Moyo uliniuma, maana nimewahi kuwashikia taa watafiti usiku kucha wakibana vibati kama hivyo. Upande mmoja huwa na namba, upande wa pili anwani ya kupeleka taarifa. Kwa namba hiyo hujulikana alikowekewa alama, lini, na alikuwa na ukubwa gani.

Kobe wa maji baridi waliowekewa alama na watafiti ni wagumu zaidi kuwatambua. Wengi wao hutiwa mapengo madogomadogo ukingoni mwa gamba, na mpangilio wa mapengo ndiyo namba yenyewe. Wengine wana chipu chini ya ngozi, haionekani kwa macho.

Wasomaji wenzangu, tafadhali msing'oe kitu. Pigeni picha za kibati pande zote mbili, za gamba la juu na la tumboni, mwandike mahali na tarehe, kisha mtoe taarifa kwa mamlaka ya wanyamapori siku hiyohiyo. Wala msimnunue kwa huruma. Kesho muuzaji ataleta mwingine.

Ni mimi, msomaji wenu wa siku nyingi.