Tusiisingizie mvua peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie barabara zetu za Unguja, hasa hizi zinazopitisha magari ya mchanga kutoka Kaskazini B kuja mjini. Kila masika yakimalizika tunaambiwa mvua imeharibu barabara. Mvua ina sehemu yake, lakini hukuta barabara imeshachakaa.

Lami huzeeka. Jua na hewa huikausha mwaka baada ya mwaka, ikawa ngumu. Ikikanyagwa hainepi tena, inapasuka. Ukiona nyufa zimesambaa kama magamba ya mamba kwenye njia ya matairi, ujue barabara hiyo imechoka. Siku ya mvua simama pembeni gari nzito ikipita, utaona maji ya rangi ya udongo yanaruka kutoka kwenye ufa. Ule ni msingi wa barabara unaotoka, kidogo kidogo, kila tairi linapokandamiza. Chini kukishakuwa na uwazi, shimo halikawii kufunguka.

Na mzigo je? Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, mwaka 1958 hadi 1960 yalionyesha kuwa uharibifu haupandi sawa na uzito. Hupanda takriban kwa kipeo cha nne. Ekseli, yaani mhimili unaoshika magurudumu ya pande mbili, ya tani 10 ikibebeshwa 12, inaumiza barabara mara mbili. Ikibebeshwa 20, mara 16! Gari ndogo, yenye nusu tani hivi kwa kila ekseli, karibu haihesabiki. Basi wanaolalamika kuwa magari yamekuwa mengi waangalie ni magari gani. Madogo hutuchelewesha njiani, lakini lami huuliwa na yale yaliyojazwa kupita kiasi, na lami kongwe ndiyo isiyoyastahamili kabisa.

Inaniuma kuona viraka vikitiwa juu ya msingi uliolowa, maana havimalizi msimu. Nyufa zizibwe Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu. Mizani nayo iwekwe kwenye mashimo ya mchanga, gari ipimwe kabla haijapanda lami. Mchanga uliolowa huzidi uzito na kwa macho dereva hawezi kuukadiria. Ikikutwa imezidi, upunguzwe pale pale.

Wahusika watutangazie pia kila barabara ilitiwa lami mwaka gani, tujue ipi imefikia umri wa kutandikwa upya kabla haijafumuka.

Mkaazi wa Mahonda,
Unguja