Vinka Tunaiuza kwa Pambo, Majani ya Dawa Hatuuzi

Kitalu chetu hapa Malindi hupata wateja wanaotaka vinka, mmea wa maua ya pambo, lakini si ya kupanda bustanini. Wanataka majani, gunia zima ikiwezekana, wakamchemshie mgonjwa wa saratani. Tunawakatalia, na wana haki ya kuelezwa sababu, maana waliyoyasikia hayakuzuliwa.

Ni kweli kwamba vinblastini na vinkristini, dawa mbili za saratani, zimetoka kwenye mmea huu wa asili ya Madagaska unaostahimili mchanga wetu na jua letu. Miaka ya 1950 huko Kanada, watafiti Robert Noble na Charles Beer walichunguza majani yaliyotoka Jamaika, ambako watu waliyanywa kwa kisukari. Sukari ya damu ya panya waliopewa dawa ya majani hayo haikushuka. Zilizoshuka ni chembe nyeupe za damu, na kutokana na hilo ikapatikana tiba inayookoa watoto wenye saratani ya damu mpaka leo. Lakini hatari nayo imo humo humo: kinachoua saratani huangusha kinga na kuumiza neva. Vinkristini hupimwa kwa miligramu, mtu mzima kwa kawaida hazidishiwi mbili kwa dozi moja, nayo hudungwa kwenye mshipa. Ya sufuriani nani atayapima?

Tena dawa yenyewe ni haba mno jani kwa jani. Gramu moja ya vinblastini hudai mamia ya kilo za majani makavu.

Wengine hutuuliza: basi si watengeneza dawa waoteshe seli za mmea tu, bila shamba? Wamejaribu sana, na jambo hili linatuvutia kuliko yote. Kipande cha jani husafishwa vijidudu, huwekwa juu ya agari, aina ya jeli, yenye sukari, madini na homoni, kikafanya donge laini la seli. Donge huhamishiwa kwenye maji ya lishe, yakitikiswa mfululizo, kisha kwenye matangi. Humo seli hutengeneza katarantini, moja ya kemikali za mmea huu, bila shida. Vinblastini, hata hivyo, ni katarantini iliyounganishwa na kemikali nyingine, vindolini, na vindolini huhitaji jani kamili: mwanga, na seli za aina mbalimbali zinazopokezana kazi. Seli za tangini zimekosa mpangilio huo, kwa hiyo vindolini haitoki. Mwaka 2022 kundi la mtafiti Jay Keasling, Marekani, liliifanya hamira itengeneze zote mbili, kisha wakaziunganisha kwa kemia. Ni kazi kubwa na ya kutia moyo, ila viwanda bado vinategemea majani.

Kwa hiyo mgonjwa wako mpeleke hospitali, na kama ameshakunywa majani, mwambie daktari bila kuficha.

Miche tunayo, ya maua meupe na ya waridi. Ipande mbali na mbuzi na watoto wanaotia kila kitu mdomoni, vaa glavu ukiipogoa, na usiimwagilie kupita kiasi, mizizi yake huoza upesi.