Mheshimiwa Waziri, fleti za chumba kimoja hazitutoshi

Kwa Waziri wa Mipango Miji, jimbo la Victoria, Australia

Salamu sana Mheshimiwa. Naandika Kiswahili makusudi, manake huku magharibi ya Melbourne tunaokiongea tuko wengi, Wakongo, Warundi, Wakenya, sisi Watanzania, na haya mambo tunayaongea kila wikiendi kwenye harusi na misiba halafu yanaishia hapohapo. Naomba utafute mtu akusomee.

Tulikuwa tunakaa Footscray, karibu na mjini, mimi, mke wangu, watoto wanne na mama yangu mzazi. Kodi ikapanda, tukazunguka tukitafuta fleti ya kututosha palepale, kila tunayoonyeshwa ni chumba kimoja au viwili, ya vitatu ikitokea bei yake haishikiki. Ndo tukahamia Tarneit, kilomita kama 25 toka mjini. Nyumba nzuri, sikatai, watoto wana pa kuchezea. Ila mimi nahudumia wazee upande wa mashariki kabisa, shifti inaanza saa moja asubuhi, mke wangu kazi yake iko Sunshine, kwa hiyo imebidi tuwe na magari mawili, na ile hela tuliyodhani tunaiokoa kwenye kodi inakwenda yote kwenye mafuta, bima na fundi.

Treni ipo, stesheni yetu ilifunguliwa 2015. Lakini ni ya dizeli, inatoka Geelong, asubuhi ikifika kwetu imeshajaa, watu wanasimama wamebanana mlangoni mpaka mjini. Sensa ya 2021 ilitukuta Tarneit peke yake zaidi ya watu 50,000! Mwaka 2018 serikali ya jimbo ilituahidi reli ya umeme mpaka Wyndham Vale, njia inayopita kwetu, na Melton. Hadi leo tunapanda dizeli.

Sasa ule mpango wenu wa kujenga ghorofa karibu na stesheni, zile sehemu 60, mimi nauunga mkono kabisa na nakuomba usirudi nyuma. Wakazi wa mtaa wa Brighton walikuja juu 2024 Premia, mkuu wa serikali ya jimbo, alipokwenda kuutangaza kule, wakati Brighton ina stesheni tatu za treni ya umeme, North Brighton, Middle Brighton na Brighton Beach, sasa kama watu hawawezi kuongezwa pale wataongezwa wapi? Wataletwa huku kwenye mashamba ya magharibi, nyumba kwanza, reli baadaye.

Ila Mheshimiwa, ghorofa za namna gani? Hapo ndo roho inaniuma. Mnabomoa yale majengo marefu 44 ya serikali, Flemington, North Melbourne na kwingineko, kazi imalizike 2051, wanakaa watu kama 10,000 na mnasema watakaa 30,000. Sawa. Lakini mle kuna ndugu zetu wa Afrika Mashariki wenye watoto watano, sita, na wazee wao. Wakirudi wakakuta fleti za chumba kimoja hawajarudi hao, watatufuata Tarneit na watanunua gari la pili kama mimi.

Ninachoomba ni hiki. Wekeni sharti, kwenye kila fleti kumi zinazojengwa karibu na stesheni, angalau mbili ziwe na vyumba vitatu au vinne vya kulala. Na ile reli ya umeme tuliyoahidiwa, tupeni mwaka ambao itafika, mwaka wenyewe, tuupangie maisha.

Binti yangu mkubwa anamaliza shule mwakani, anataka kusoma chuo kikuu pale Parkville. Tangu njia mpya ya chini ya ardhi ifunguliwe mwishoni mwa 2025, mtu akipanda treni Footscray inayofuata ni Arden, halafu Parkville, keshafika. Tungekuwa bado tunakaa kule angetoka nyumbani dakika chache tu kabla ya darasa.