Watoto wasigeuzwe bidhaa ya TV

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu hizi rialiti shoo za watoto maana watu wanazishabikia tu. Wengi hawakumbuki Kid Nation ya Marekani, CBS waliirusha 2007, watoto 40 wa miaka 8 hadi 15 wakapelekwa New Mexico porini huko eti wajiendeshee mji wao, wapike wenyewe, wafanye usafi, wateke maji, kamera ziko nao muda wote. Binti wa miaka 11 akarukiwa na mafuta ya moto usoni akipika, wengine wakanywa jiki iliyowekwa kwenye chupa ya soda, na wazazi walishasaini mkataba wa kurasa 22 kwamba hawatashtaki hata mtoto akifa. Hata akifa jamani! Malipo dola 5,000 kwa mtoto na wenye shoo wakadai ile sio kazi, ni kama kambi ya likizo tu.

Kinachoniuma ni kwamba mzazi ndo anasaini ila anayelia mbele ya mamilioni ya watu ni mtoto, na akishakuwa mkubwa ile video bado iko intaneti. Na hapa kwetu nako wazazi wanarekodi mtoto anachapwa analia wanatupia TikTok wapate like, inasikitisha sana.

Naomba TV zetu zikitaka mtoto kwenye shoo, hela yake iwekwe benki kwa jina lake, na akisema sitaki kamera izimwe hapohapo, hata kama mama yake anataka iendelee.

Msomaji wenu,
Tanga