Unga, Hamira na Mashine Yako ya Mkate

Nakuru

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za watu wa nyumbani. Barua yako imefika. Unasema mkate wa kwanza uliumuka hadi karibu uguse kifuniko kisha ukabonyea katikati, na wa pili, ulipopunguza maji, ukatoka mfupi na mzito. Usiirudishe mashine dukani, haina kosa. Kijitabu kilichokuja nayo kiliandikiwa unga wenye protini nyingi na jikoni lenye ubaridi, nawe unaoka kwa unga wa duka la mtaani, katika joto la Kisumu. Ukishaujua unga wako na hamira yako, hesabu za kijitabu utazirekebisha mwenyewe.

Nianze na unga, maana hapo ndipo pana mengi. Kinachosimamisha mkate ni protini ya ngano. Ikilowa na kukandwa hufanya utando unaonyumbulika, gluteni, na utando huo ndio unaonasa hewa inayotolewa na hamira. Unga wa mkate unaotajwa kwenye vijitabu vya mashine huwa na protini gramu 12 hadi 13 kwa kila gramu 100. Unga wetu wa chapati na mandazi mara nyingi uko chini ya hapo, karibu 10 au 11. Geuza pakiti usome jedwali la virutubisho. Maneno ya vitamini na madini yaliyoandikwa mbele yasikuongoze katika kuchagua: tangu 2012 sheria inataka unga wa ngano na wa mahindi unaofungwa viwandani uongezewe virutubisho hivyo, na havizidishi gluteni hata kidogo.

Kama pakiti haisemi, pima mwenyewe. Chukua gramu 100 za unga na mililita 60 za maji, kanda donge gumu, ulizamishe kwenye bakuli la maji kwa nusu saa. Kisha lioshe taratibu ndani ya maji, ukilibonyeza vidoleni na kubadilisha maji, hadi maji yakaribie kuwa safi. Wanga wote utatoka na utabaki na kitu cha rangi ya kijivu kinachovutika. Kikamue na ukipime. Kikiwa chini ya gramu 25, unga huo ubaki wa chapati. Gramu 25 hadi 29 utatoa mkate mzuri ukiuhurumia, usiuzidishie maji wala hamira. Ukipata 30 na zaidi, nunua pakiti kadhaa za tarehe ileile, kwa sababu ngano ya kiwanda huchanganywa kutoka mashamba ya hapa na ya ng'ambo, na pakiti ya mwezi ujao huenda isiwe na nguvu ileile.

Unga unaojiumua usiutie kwenye mashine pamoja na hamira. Tayari una bekingi pauda na chumvi ndani yake. Mkate utapanda haraka, utabomoka, na utakuwa na ladha ya magadi.

Ule wa kahawia, wenye pumba, ni mzuri kwa afya lakini pumba hukata utando wa gluteni na hunywa maji mengi. Anza kwa kuweka theluthi moja tu badala ya unga mweupe, uongeze kijiko kikubwa kimoja cha maji kwa kila gramu 100 za ule wa kahawia, na uchague programu ya ngano nzima kwenye mashine, ambayo huupa muda mrefu wa kulowa. Wimbi, mtama na muhogo hazina gluteni kabisa. Gramu 50 katika 450 zitakupa ladha ya nyumbani bila kuvunja mkate. Ukifika 100 utaona tofauti ya kimo. Nisichochoka kukisifu ni viazi vitamu vile vya rangi ya machungwa, ambavyo soko lenu linavyo vingi kuliko letu. Vichemshe, vipondeponde bila maji, uweke gramu 120 za rojo iliyopoa. Kumbuka kiazi kilichopikwa karibu robo tatu yake ni maji, kwa hiyo toa mililita 80 kwenye maji ya mapishi. Watu wengi husahau hilo, wakapata uji, kisha wakalaumu kiazi. Mkate huo hukaa laini siku ya pili na ya tatu.

Nunua mizani ya jikoni kabla ya kununua kitu kingine chochote. Kikombe kimoja cha unga kinaweza kuwa na gramu 120 au 150 kulingana na ulivyochota, na katika vikombe vitatu hiyo ni tofauti ya gramu 90, inayotosha kabisa kukutoa kwenye donge laini hadi kwenye lile gumu lako la mara ya pili.

Sasa hamira. Nunua ile ya chembe ndogo, isiyohitaji kulowekwa. Ile ya punje kubwa lazima kwanza ilale dakika 10 kwenye maji ya vuguvugu. Pakiti ndogo za dukani huwa na gramu 10 au 11, na nadhani kosa la mkate wako wa kwanza liko hapo, kwa sababu mtu akiona pakiti ndogo huimimina yote. Kwa gramu 450 za unga, pakiti nzima ni zaidi ya mara mbili ya inayohitajika. Kwa Kisumu anza na gramu 4, yaani kijiko cha chai kimoja na kama theluthi, kilichosawazishwa kwa kisu. Mkate ukiendelea kubonyea, shuka hadi 3. Inayobaki ifunge vizuri, uiweke kwenye friji ndani ya chupa isiyopitisha hewa. Ukiitilia shaka, koroga kijiko kimoja cha chai pamoja na sukari kidogo katika nusu kikombe cha maji ya vuguvugu; baada ya dakika 10 iwe imetoa povu la kutosha. Isipotoa, itupe, hata kama tarehe yake bado.

Joto ndilo linalokusumbua wewe. Mashine yenyewe hupasha donge wakati wa kukanda na kuumua, na ikiwa jikoni pana nyuzi 30 tayari, hamira humaliza kazi kabla ya muda wa kuoka kufika. Utando hujaa hewa, huchoka, na moto unapowaka mkate unazama. Kwa hiyo achana na maji ya vuguvugu ambayo kijitabu kinayataja. Tumia maji ya friji. Huku Nakuru, mita kama 1,850 juu ya usawa wa bahari, tunapunguza hamira kwa sababu nyingine: hewa ni nyepesi, basi mapovu hutanuka zaidi. Nyinyi mko karibu mita 1,130, kwa hiyo mwinuko wa mji una mchango wake pia, lakini kidogo.

Chumvi usiipunguze kwa kuogopa kuua hamira. Hukaza gluteni na kuizuia hamira isikimbie, na mkate usio na chumvi huumuka ovyo na kuanguka. Gramu 8. Sukari kijiko kikubwa kimoja inatosha kwa rangi ya ganda. Ukitaka mkate mtamu usipite gramu 45, yaani moja ya kumi ya unga, kwa sababu sukari nyingi hunyang'anya hamira maji na kuipunguza kasi. Mafuta au siagi, gramu 20, hulainisha. Ukitumia maziwa ya kununuliwa kwa mwenye ng'ombe, yachemshe kama kawaida kisha yapoe kabisa: kuchemsha pia huharibu protini fulani ya maziwa inayolegeza donge. Hesabu mililita 100 za maziwa kuwa sawa na mililita 90 za maji.

Haya, mkate wa kilo robo tatu, kwa programu ya kawaida: maji baridi mililita 270, mafuta gramu 20, chumvi gramu 8, sukari gramu 12, unga mweupe gramu 450, hamira gramu 4. Pakiti ya kilo mbili itatoa mikate minne na unga kidogo wa kukunjia chapati. Hakikisha kwanza kile kipande cha kukandia kimekaa mahali pake chini ya chombo. Mashine nyingi hutaka maji kwanza, kisha chumvi na sukari pembeni, unga ufunike maji yote, na hamira mwishoni kwenye shimo dogo ulilochimba juu ya unga, lisilofika majini. Ziko chache zinazotaka hamira itangulie chini. Hapo fuata kijitabu chako. Ukitegesha saa ili ioke alfajiri, usiweke maziwa wala mayai, maana yatalala usiku kucha katika joto hilo.

Baada ya dakika 10 za kukanda, fungua kifuniko. Wakati huo kufungua hakudhuru kitu. Unatafuta donge moja la mviringo, nyororo, linalogusa ukuta wa chombo na kuuachia. Kama limetapakaa chini na kung'ang'ania pembeni, nyunyiza kijiko kikubwa kimoja cha unga, ungoje dakika mbili uone. Kama limevunjika vipande au mashine inagonga, ongeza maji kijiko kimoja. Wakati wa mvua unga wa Kisumu hunyonya unyevu wa hewani na utahitaji maji kidogo kuliko mwezi wa Januari. Maji ya mvua ya tangi nayo ni laini sana, hayana madini, na donge lake hunata zaidi. Anza na mililita 260. Mashine ikishaanza kuumua, usifungue tena.

Stima ikipotea, mashine nyingi hukumbuka zilipofika kwa dakika chache tu. Ikiwa ilikuwa inakanda, anza upya. Ikiwa ilikuwa inaumua, toa donge, liweke kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, liache liumuke hadi likaribie mara mbili, kisha oka juu ya jiko la makaa yaliyopungua moto, na makaa mengine juu ya kifuniko.

Mlio wa mwisho ukilia, toa mkate mara moja. Ukiuacha ndani, mvuke huugeukia na pembe zake hulowa na kuingia ndani. Uweke juu ya waya na usiukate kabla ya saa moja, hata watoto wakilia. Ndani bado unaiva na ukikatwa mapema utadhani haukuiva.

Niandikie ukishaosha lile donge la gramu 100, uniambie ulibaki na gramu ngapi na jina la unga. Ukija Nakuru Desemba, nibebee viazi vya rangi ya machungwa. Wasalimie mama na watoto.

Ni mimi rafikiyo