Lumbesa haitaisha barabarani, mizani ije shambani

Ndugu Mhariri,

Mkulima wa viazi mviringo hapa Njombe akienda dukani kununua mbolea, anapewa mfuko ulioandikwa kilo 50. Akivuna, viazi alivyovikuza kwa mbolea hiyohiyo anaviuza kwa gunia ambalo uzito wake haujui na haujaandikwa popote. Naomba nafasi katika gazeti lako niliseme hili.

Kwa asiyewahi kuona lumbesa ikifungwa: mnunuzi huja na magunia yake na vijana wake wa kujaza. Gunia linajazwa hadi mdomoni, linatikiswa, linashindiliwa. Kisha panashonewa kipande cha wavu na viazi vinapangwa juu kimoja kimoja mpaka kilemba kisimame, kamba inapitishwa, na mkulima anahesabiwa gunia moja. Tuseme limebeba kilo 130 badala ya 100. Katika magunia kumi ametoa bure kilo 300, yaani magunia matatu aliyoyalimia, akayapalilia na kuyapulizia dawa ya ukungu. Mzigo huohuo ukifika sokoni Dar es Salaam, kilemba kinafumuliwa na viazi vinauzwa kwa kilo au kwa sado. Na hapo sijamtaja kijana wa sokoni anayebebeshwa gunia hilo mgongoni.

Wapo wanaosema mkulima akatae. Akatae vipi? Viazi vimeshachimbwa, mvua inatishia barabara, na lori likiondoka kwake linaenda kupakia kwa jirani aliyekubali. Mmoja mmoja hatuwezi.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, tunayo, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiikemea lumbesa miaka yote. Nawashukuru kwa hilo. Ila lori linapokamatwa barabarani, mkulima ameshalipwa kwa gunia na ameshapunjwa. Faini anayotozwa mfanyabiashara hairudi kwa aliyelima. Halmashauri nazo, pale ushuru unapohesabiwa kwa gunia, zinapoteza kama sisi.

Wenzetu wa korosho kule Mtwara na Lindi hupeleka mzigo chama cha msingi, ukapimwa kwa kilo. Malalamiko yao wanayo, tunayasikia kila msimu, lakini wanapodai wanadai kwa kilo zilizoandikwa. Mkulima wa viazi atadai kwa ushahidi gani? Mataifa yalitia saini Mkataba wa Mita mjini Paris Mei 20, 1875 ili vipimo viwe vya wote, na ndiyo maana kilo ya Njombe ni ileile ya Kariakoo. Gunia la lumbesa ukubwa wake anaupanga aliyelileta.

Ombi langu kwa halmashauri zote zinazolima viazi na vitunguu ni hili: kila kata iwe na kituo cha kuuzia mazao chenye mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, lori lisiruhusiwe kupakia nje ya kituo hicho, na mkulima aondoke na karatasi inayoonyesha kilo zake na bei ya kila kilo. Fedha za kununulia mizani zitoke kwenye ushuru wa mazao tunaoulipa hapahapa, na vituo vianze kazi kabla ya mavuno yajayo.

Mkulima wa viazi,
Njombe